Nilimupa Zero, Kumbe Alisema Kweli

Nilifundisha sayansi miaka mingi katika shule moja ya kambi ya wafanyakazi wa mine. Leo nataka kuungama kosa langu moja, kwa sababu sisi wazazi tunalifanya nyumbani kila siku.

Mwaka 1998 niliwapa wanafunzi ulizo hili: kwa nini planeti kubwa za gazi, kama Jupiter, ziko mbali na jua? Mimi niliwafundisha kwamba karibu na jua joto ni kali mno, planeti ya namna ile haiwezi kuwa pale. Mutoto mmoja, mwana wa mufanyakazi wa tanuru ya shaba, aliandika kwamba haiko vile mahali pote. Alisema kuna moja inayokaa karibu sana na jua lake na kulizunguka kwa siku 4 tu. Jupiter yetu inatumia karibu miaka 12! Nilisoma jibu lake kwa sauti, darasa lote likacheka, nikaandika zero kwa biki nyekundu.

Akasema polepole: «Mwalimu, mi nilisikia ku radio. Balisha kuivumbula.»

Nikamujibu: «Radio haiko mwalimu wako. Ikala chini!»

Nyuma ya miezi mitano hivi, padri wa parokia akanipa magazeti ya zamani ya Kifaransa. Nikafungua moja, nikakuta planeti ile. Moyo wangu ukashituka.

Ilivumbuliwa mwaka 1995 na watu wawili wa chuo kikuu cha Geneva, katika Uswisi: profesa Michel Mayor na mwanafunzi wake Didier Queloz. Walitumia darubini kubwa ya Haute-Provence, katika Ufaransa. Planeti yenyewe hawakuiona. Waliona nyota yake, 51 Pegasi, ikiyumba kidogo. Ni kama baba anayeshika mutoto kwa mikono na kumuzungusha: mutoto anaruka mbali, lakini baba naye anayumba. Mtu wa mbali asiyemuona mutoto atajua tu kwamba baba anazungusha kitu.

Na sikieni jambo hili. Yule kijana Queloz, alipoona hesabu za siku 4, aliogopa. Alifikiri mashini imeharibika, ao yeye mwenyewe amekosa. Lakini hesabu zile hazikutupwa. Walihesabu mbele namna nyota itakavyoyumba, wakangoja mpaka mwezi wa 7 nyota irudi mahali pa kuonekana, wakapima tena. Ilikuwa vilevile. Mwaka 2019 wote wawili walipewa zawadi ya Nobel. Wao walipima kabla ya kukata neno. Mimi nilikata neno bila kupima.

Nilikwenda nyumbani kwa yule mutoto jioni. Baba yake alikuwa ametoka kazini, ameketi inje. Nilimueleza kwamba planeti ile iko kilometre milioni 8 hivi tu na jua lake, sisi tuko milioni 150. Joto lake ni karibu digri 1000. Shaba inayeyuka kwa 1085. Mzee akashika kichwa:

«Digri 1000? Sasa njo tanuru yetu ile! Na iko inazunguka tu, haiishe?»

Nikamwambia kwamba uzito wake unapita wa dunia yetu mara 140 hivi, na uzito ule njo unashika gazi isitawanyike. Wenye elimu wengi wanafikiri kwamba haikuzaliwa pale: ilizaliwa mbali, kwenye baridi, halafu ikasogea polepole mpaka karibu na moto.

Kisha nikaomba musamaha, kwa baba na kwa mutoto. Kesho yake nikafuta zero mbele ya darasa, nikamwita aeleze yeye mwenyewe kwenye kibao. Alieleza vizuri. Lakini nawaambia kweli: mbele ya siku ile ya zero, mkono wake ulikuwa wa kwanza kuinuka. Nyuma yake, mpaka mwisho wa mwaka, sikuuona ukiinuka tena bila kuitwa. Zero inafutika, haya ya mutoto haifutiki upesi.

Leo planeti za nyota zingine zinazojulikana zinapita 5000, na nyingi hazifuati yale niliyofundisha. Mungu hakuumba nyota zake kwa kufuata kibao changu.

Baba na mama, mutoto akileta neno geni mezani, musimunyamazishe kwanza. Mumuulize: «Ulisikia wapi? Tuangalie pamoja.» Kama amekosa, atajifunza. Kama amesema kweli, ninyi njo mutajifunza.