Taa za Pyeonuijeom: Kula na Kunywa katika Maduka Madogo ya Seoul



Usiku wa manane, mji wa Seoul unapotulia, hubaki taa moja inayowaka karibu kila kona. Ni taa nyeupe ya duka dogo ambalo Wakorea huliita pyeonuijeom, neno lenye maana ya duka la wepesi. Korea Kusini ina maduka ya namna hii zaidi ya 50,000, na mengi hayafungwi mchana wala usiku. Majina yanayotawala ni manne: CU, GS25, 7-Eleven na Emart24. Duka la kwanza la 7-Eleven nchini humo lilifunguliwa mwaka 1989 jijini Seoul, katika mtaa wa nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wanamichezo wa Olimpiki ya mwaka uliotangulia.

Sisi tuliolelewa na duka la Mwarabu la mtaani, mtoto akitumwa robo ya sukari na kurudi na peremende ya bakshishi, hatuoni ajabu duka kuwa sehemu ya maisha ya mtaa. Kule kilichonistaajabisha ni ukimya. Hakuna kuulizana hali, hakuna daftari la mkopo, wala hakuna wa kukuambia, "Hilo, mama, usichukue, chukua hili." Rafu zinasimama, zimejaa rangi, na kila kitu kimeandikwa kwa herufi za Kikorea. Mnunuzi hana wa kumtegemea ila macho yake.

Nilikwenda kumzuru binti wa kaka yangu, anayesoma huko kwa ufadhili. Ilikuwa mwisho wa Novemba, baridi ikikata masikio. Kabla ya safari, wifi yangu hakuniagiza nguo wala manukato. Aliniagiza jibu la swali moja tu: mtoto anakula nini? Kwa kuwa masomo ya binti huyo humalizika usiku na jiko la bweni hufungwa mapema, jibu lilikuwa katika duka hilo dogo, na nililichunguza kwa majuma matatu kama mtu anayepekua sanduku la bibi arusi.

Nianze na vinywaji, kwani humo mna furaha nyingi na tahadhari moja kubwa.

Kinachojulikana kuliko vyote ni maziwa ya ndizi ya Binggrae, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1974. Kichupa chake kina ujazo wa mililita 240, nacho ni kinene katikati mfano wa mtungi mdogo. Inasemekana umbo hilo lilitokana na mitungi myeupe ya kauri ya zama za wafalme wa Joseon, ile iitwayo mitungi ya mwezi. Zama hizo ndizi ilikuwa tunda ghali la kutoka nje, na mtoto wa Kikorea aliweza kukua bila kuionja. Sisi wenye kisukari kwenye kila kichochoro tunaweza kucheka, lakini ukitoboa kile kifuniko kwa mrija na maziwa yakiwa baridi, kicheko hugeuka kimya. Ni laini, ni matamu kwa kiasi, na watu wazima wenye tai shingoni huyanywa wakiwa wamesimama dukani bila haya yoyote.

Kipo pia kinywaji cha sikhye, cha mchele na kimea cha shayiri, chenye punje za wali zinazoelea chini ya mkebe. Hakina ulevi. Utamu wake hutokana na kimea kinachogeuza wanga wa wali kuwa sukari. Ipo chai baridi ya shayiri iliyokaangwa, isiyo na sukari kabisa, ambayo Wakorea hunywa badala ya maji, na chai ya nyuzi za mahindi, zile nywele ambazo sisi tunazitupa tunapomenya mahindi ya kuchoma. Shangazi mmoja aliyeacha sukari kwa amri ya daktari angestarehe sana mbele ya rafu hiyo.

Chilsung Cider, inayouzwa tangu mwaka 1950, isikutie hofu kwa jina lake. Mahali pengine neno hilo ni tembo la tufaha, lakini Korea ni soda nyeupe ya limau na ndimu. Na kuna vikombe vya barafu tupu: unachukua kikombe kilichojaa vipande vya barafu, unachukua mfuko wa kahawa au wa maji ya matunda, unaumimina mwenyewe. Vijana hufanya hivyo hata theluji ikianguka. Hilo sikuliafiki, na baridi ile sitalijaribu.

Tahadhari ni hii. Ndani ya jokofu lile lile husimama chupa za plastiki zenye kimiminika cheupe kama maziwa. Baadhi yake ni kinywaji kitamu cha mchele, kiitwacho Miale ya Jua la Asubuhi kama ningelitafsiri jina lake kwa raghba, ambacho ni halali kwa asili yake. Nyingine ni makgeolli, tembo la mchele. Kwa mtu asiyesoma, ni ndugu wa tumbo moja. Binti yangu alizitoa chupa mbili, akaziweka kaunta mbele yangu, akasema, "Shangazi, tafuta nambari." Chupa ya ulevi lazima iandikwe kiwango chake kwa alama ya asilimia, na hubeba onyo la kutouzwa kwa walio chini ya miaka 19. Ukiona 19 na ukiona %, rudisha chupa mahali pake. Kanuni hiyo inatosha hata kwa bibi asiyejua herufi moja ya Kikorea.

Kwa chakula, nambari hazitoshi, itabidi kusoma. Hangul, alfabeti ya Kikorea, ilitangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446 ili watu wa kawaida nao wapate kusoma. Ina herufi 24 zinazopangwa kwa mafungu. Aliyepitia alifu na bee kwenye ubao wa chuoni, au aliyeona nyanya yake akiandika barua ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, hatatishika na maandishi mageni.

Sheria ya Korea inamtaka mtengenezaji aonyeshe, katika kisanduku chenye rangi tofauti karibu na orodha ya viungo, vitu vinavyoweza kuwadhuru wenye mzio. Orodha hiyo ina mayai, maziwa, karanga, soya, ngano, kaa, kamba na vinginevyo. Ina pia nyama ya nguruwe, ya ng'ombe na ya kuku. Waliotunga sheria waliwafikiria wagonjwa, wala hawakuwa na habari na sisi, lakini faida yake imetufikia. Nguruwe huandikwa 돼지고기, ng'ombe 쇠고기 au 소고기, kuku 닭고기. Tazama mwisho wa kila neno: 고기, gogi, ndiyo nyama. Ukiyakariri mafungu hayo mawili umeshika ufunguo wa duka zima. Kisha ongeza 함유, hamyu, maana yake "imo ndani". Mara nyingi chini yake kuna sentensi ndefu isemayo kwamba bidhaa imetengenezwa katika kiwanda kinachotumia vitu fulani, na hiyo ni habari nyingine, isichanganywe na ile ya kwanza. La mwisho ni 젤라틴, jelatini, ambayo haitaji mnyama wake kila mara.

Kwa elimu hiyo ndogo rafu zilianza kujipambanua. Tambi za vikombe, ambazo duka hutoa maji ya moto na meza ya kuzilia, nyingi zina unga wa supu ya ng'ombe au nguruwe. Hapa wasichana wetu wanaotazama tamthilia wasikilize vizuri: tambi kali za Buldak zinazopelekwa nchi za nje hubeba nembo ya halali, lakini pakiti inayouzwa Korea kwenyewe si lazima iwe ile ile. Nembo hutazamwa juu ya pakiti uliyoishika mkononi. Kuku wa kukaanga anayepangwa kwenye kabati la kioo kaunta, harufu yake ikikufuata hadi mlangoni, naye hakuchinjwa kwa taratibu zetu. Tulimwacha.

Keki za Choco Pie zina utando mweupe katikati uliofanywa kwa jelatini. Tuliziacha nazo. Mandazi ya mvuke yaitwayo hoppang hukaa ndani ya kabati la joto wakati wa baridi, na hapa jina linaweza kukupoteza: lile linaloitwa la mboga mara nyingi lina nguruwe ndani, ilhali lile la maharagwe mekundu limejazwa maharagwe yaliyopondwa na sukari. Fikiria mahamri na mbaazi vimeungana vikawa kitu kimoja, kisha vikatiwa sukari. Mara ya kwanza ulimi hukataa. Mara ya tatu nililitafuta mwenyewe.

Yakgwa, vitumbua vidogo vya unga, mafuta ya ufuta na asali, ni jamaa wa visheti vyetu kabisa, hukaangwa na kuzamishwa katika shira. Lakini desturi ya zamani huweka pombe kidogo katika kinyunga, na baadhi ya viwanda hufuata desturi. Neno la kutafuta ni 주정, jujeong, yaani spiriti. Hutokea pia katika michuzi ya soya na vikolezo. Wanazuoni wana maneno yao kuhusu kiasi kidogo kinachopotea katika mapishi, na kila familia itamuuliza anayemwamini. Mimi palipokuwa na pakiti mbili, moja ina neno hilo na moja haina, sikuona sababu ya kubishana na rafu.

Kilichobaki ni kingi kuliko nilivyodhani. Gimbap ya pembetatu ni wali uliofungwa kwa mwani mkavu, ndani yake jodari aliyechanganywa na mayonezi, nayo huuzwa kwa bei ndogo kuliko ya maziwa ya ndizi. Ufungaji wake una hekima: mwani umetenganishwa na wali kwa utando wa plastiki ili usilowe, na karatasi ina nambari 1, 2, 3. Unavuta ukanda wa kwanza kuzunguka katikati, kisha ncha ya kulia, kisha ya kushoto, na mwani unaukumbatia wali ukiwa bado unalia kama karatasi. Hata hii ya jodari husomwa kisanduku chake kila mara, kwani kila kampuni ina mchanganyiko wake. Niliwakumbuka akina mama wa Kibuyuni kule Kwale, wanaolima mwani wa aina nyingine baharini na kuuza karibu wote nje. Sisi tunaukausha na kuusafirisha. Wao wanautia chumvi na mafuta ya ufuta, wanakula na wali.

Kuna mayai ya kuokwa yanayouzwa mawili mawili, tayari yana chumvi. Kuna bisi, njugu, ndizi moja moja zilizofungwa kama vito, na Saeukkang, vijiti vya kamba vinavyouzwa tangu mwaka 1971, ambavyo huliwa hadi mkono ugonge chini ya mfuko. Na katika maduka mengi wakati wa baridi kuna viazi vitamu vinavyookwa hapo hapo kaunta. Hakuna kisanduku cha kusoma, hakuna neno la kutafuta. Nilikishika kimoja kwa mikono miwili, mvuke ukinipanda usoni, na kwa dakika kadhaa sikuwa na haja ya kitu kingine chochote katika mji ule.

Kuhusu mahali pa kulia nina neno. Meza za nje hupendeza mchana, lakini usiku wanaume hukaa hapo na chupa za kijani za soju, na si kila mmoja wetu atataka kuketi karibu nao. Sisi tulibeba mfuko wetu tukaenda bustani ya Yeouido, kando ya mto Han, ambako familia hutandika mikeka kama watu wa Lamu ufukweni siku ya sikukuu. Tulitandika nasi, majaketi yamefungwa hadi kidevuni.

Nyama tuliipata Itaewon, mlimani, chini ya Msikiti Mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976. Mteremko wake una mabucha ya halali, mikahawa, na maduka ya vyakula yenye tambi za nembo. Binti hupanda huko mara moja kwa juma, akarudi na kuku, tende na katoni ya tambi. Siku sita zilizobaki duka dogo humkamilishia. Ramadhani ikiangukia majira ya joto kule, saumu hufika takribani saa kumi na sita, na saa tisa za usiku, bweni likiwa giza, ni lile duka tu lenye taa. Daku yake ameipanga kichwani: mayai mawili, gimbap ya jodari, ndizi, maziwa, na tende za Itaewon mfukoni.

Hayo ndiyo niliyompelekea wifi yangu, pamoja na karatasi yenye maneno ya Kikorea niliyoyaandika kwa mkono, ili anapozungumza na mwanawe kwa video amwambie ageuze pakiti upande wa nyuma. Sasa humsomea gogi kutoka Mombasa.

Wasafiri mkipata nafasi mizigoni, mwani mkavu ni mwepesi na haudhuriki njiani, na chai ya shayiri huuzwa pia kwa vifuko vya kuchemsha nyumbani. Maziwa ya ndizi hayasafiri. Yanataka jokofu, na kunywewa pale pale.