Imani na Mvua ya Ugogo

Wako watu wanaodhani kwamba imani ya dini ni koroboi ya kale, ambayo umeme ukifika huzimwa. Nami nilipokuwa mwalimu kijana nilidhani hivyo. Yaliyonifundisha vingine ndiyo nitakayoyasimulia.

Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili, na wastani wake kwa mwaka haufiki milimita 600. Mvua yenyewe ni kigeugeu: huweza kunyesha juma moja, kisha ikakatika mtama ukiwa unachanua. Katika ukame wa mwaka 1974 baba yangu, Mkristo aliyebatizwa, alikwenda kanisani Jumapili kuomba mvua. Na katikati ya juma akafuatana na wazee wenzake hadi makaburini, wakiwa na kondoo mweusi, kwa maana weusi kwa Wagogo ni rangi ya wingu la mvua. Nilimcheka. Nikamweleza kwamba mvua ni mvuke uletwao na pepo kutoka Bahari ya Hindi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, njia ya upepo umeijua. Je, siku yake umeijua?" Sikuwa na jibu.

Baadaye nilisoma habari za mtaalamu Bronislaw Malinowski, aliyeishi na wavuvi wa visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Aliona kwamba wavuvi hao, wakivua katika maji yaliyotulia, walitegemea ujuzi wao tu. Bali walipokwenda bahari kuu, penye hatari, ndipo walipofanya matambiko. Nikadhani sasa nimemwelewa baba: imani huanza pale uwezo wa binadamu unapokoma. Maelezo hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote.

Miaka michache baadaye mwanangu aliugua. Tulimfikisha hospitali mapema, na madaktari walifanya kila waliloweza. Usiku, nimeketi kwenye benchi nje ya wodi, nilijisikia nikimwita Mulungu kwa Kigogo, lugha ya mama yangu. Mtoto hakupona. Asubuhi baba alifika kwa miguu, akaketi kando yangu. Hakunikumbusha kicheko changu. Aliomba kwa sauti ndogo, wala hakuomba kitu. Alimtaja mtoto kwa jina, akawataja na wazee waliomtangulia. Ndipo nilipofahamu kwamba imani si ufunguo wa kufungulia mawingu. Humpa mtu nafasi miongoni mwa wenzake, walio hai na waliokufa, hata siku ambayo ombi lake halikujibiwa.

Dodoma ni jiji tangu mwaka 2018, nayo ina vyuo vikuu. Hata hivyo misikiti hujaa Ijumaa na makanisa Jumapili. Na huko Kolo, Kondoa, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, wenyeji wangali wakitambika.

Ndugu mwalimu, mfundishe mwanafunzi wako njia ya upepo kwa ukamilifu, tena apande mtama mapema, kwani aombaye bila kulima huidhulumu imani yenyewe. Lakini usimfundishe kumcheka mzee wake. Mimi nilicheka, na baba yangu alifariki kabla sijamwomba radhi.