Daraja, Kaa na Vumbi la Sufi

Sikukuu ya Idi iliyopita, mtoto wa kaka yangu alinikalisha sebuleni anionyeshe kitu kwenye simu. Alikuwa mtu mmoja amechuchumaa kwenye sakafu ya mbao inayong'aa. Akaweka kiganja nyuma, akainua nyonga, mkono wa pili ukapita juu ya paji la uso mpaka chini, na mwili mzima ukageuka kifudifudi bila kukatika popote. "Shangazi, haya ni mazoezi mapya, yametoka Ulaya. Huku kwetu hakuna anayeyajua."

Yeye simlaumu. Amezaliwa wakati Afande, mwalimu wangu, ameshazikwa, na hakuna aliyemsimulia. Lakini maneno yale yalinikaa kooni siku nzima, kwa sababu njia ile ya kutoka chini, kuingia darajani na kutoka upande wa pili, mimi niliijua kabla sijajua kugawanya kwa tarakimu mbili. Niliijulia Magomeni, Dar es Salaam, kwenye mchanga, nyuma ya banda la fundi magodoro.

Fundi huyo tulimwita Babu, kama mtaa mzima ulivyomwita. Siku hizo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtu akisema godoro alikuwa na maana ya sufi. Babu aliletewa sufi kwenye magunia ya katani, nyingine ikiwa bado na mbegu zake nyeusi, na kabla ya kushindiliwa kwenye kitambaa kile kizito cha mistari ya buluu na nyeupe ilibidi ichambuliwe. Kazi hiyo alitupa sisi watoto. Tulikaa barazani tumejifunga vitambaa puani, tukiipiga sufi kwa vijiti mpaka mbegu zidondoke, na vumbi lake lilikuwa linang'ang'ania kope na jasho la shingo. Mpaka leo nikipita penye gunia jipya la katani, pua yangu inaiongeza sufi yenyewe, na juu yake harufu ya mafuta ya karafuu ambayo Babu alijipaka vidoleni jioni, maana kushika shazia kutwa nzima kunaumiza vidole.

Hakutulipa pesa. Alitulipa kwa magodoro mabovu. Watu walikuwa wanamletea magodoro yaliyojikunja mabonge ili ayafumue na kuyashona upya, na kabla hajayafumua, kuanzia alasiri mpaka magharibi, yalikuwa yetu. Aliyatandika mwenyewe kwenye mchanga nyuma ya banda, akayakanyaga kujua pako wapi pagumu, kisha akarudi kushona. Alikuwa mtu asiyependa kelele, hata redio yake aliisikiliza sikio likiwa juu ya spika. Kwa nini alivumilia kundi la watoto wanaorukaruka, nadhani ni kwa ajili ya Afande.

Afande aliwahi kuwa katika kikundi cha utamaduni cha jeshi moja, na jina la kazi likabaki hata baada ya kuacha kazi. Yeye alifundishwa na mmoja wa vijana wale waliopelekwa China kujifunza sarakasi katika miaka ya 1960. Nimepekua tarehe: Kundi la Taifa la Sarakasi liliundwa 1969 baada ya vijana hao kurudi, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa 1981. Afande mwenyewe hakuwa na habari na miaka. Alisema tu "tangu enzi za Wachina," nasi tukaridhika.

Kutoka kwa Wachina hao alirithi mgawanyo wa misingi minne: kiuno, miguu, kusimama kwa mikono, na kubinuka. Sisi tulitaka kubinuka. Kila mtoto wa Magomeni alitaka kupiga samasoti, kwa kuwa ndiyo iliyopigiwa makofi. Afande alituzuia kwenye kiuno kwa muda ambao kwa mtoto ni sawa na milele. Hakuna samasoti mpaka daraja lako liwe kimya.

Ukimya huo alikuwa anausikiliza kwa masikio. Unalala chali, unakunja magoti, nyayo karibu na makalio, viganja kando ya masikio, vidole vikielekea mabegani. Halafu unasukuma kwa miguu, si kwa mikono, ili kifua kivuke juu ya mabega na viwiko vinyooke. Wengi wetu tulipinda pale chini ya kiuno tu, mahali palipo laini, na Afande aliona hata akiwa mbali. Alikuja na mkanda wake wa zamani wa kazini, akaupitisha chini ya mgongo baina ya mabega, akauvuta juu taratibu. "Pinda hapa. Kiuno kisibebe kazi ya mabega." Ukishasikia tofauti hiyo mara moja, huisahau tena: pumzi inapata nafasi, shingo inaning'inia huru, na uzito unagawanyika baina ya viganja na nyayo. Kisha unashuka, na hapo ndipo alipoinamisha kichwa kusikiliza. "Sitaki kusikia mchanga." Mgongo ukidondoka puu, unaanza upya.

Baada ya daraja kunyamaza, alitufungulia kaa. Kila mtoto wa pwani anajua kutembea kikaa, viganja nyuma, tumbo juu, kwa mashindano na vicheko. Afande aliuchukua mchezo huo akaufanya mlango. Kutoka kwenye kaa, mkono mmoja unaiacha ardhi, macho yanaufuata, nyonga zinapanda zaidi ya unavyodhani zinaweza, kiganja kinaenda kushuka nyuma ya kichwa. Mkono uliobaki chini unageuka mahali pake ili vidole vitazame visigino, na umo ndani ya daraja bila kulala chali. Ukitaka kutoka, unainua mkono mmoja, unaacha bega lizunguke, unatua kwa viganja na vidole vya miguu, tumbo likitazama chini. Kutoka hapo, inua mguu, upitishe, keti. Umerudi kwenye kaa, umegeukia upande mwingine wa mtaa.

Jumamosi ilikuwa siku ya kubuni. Kila mmoja alitakiwa alete kiungo kipya, yaani njia ambayo haijaonekana ya kutoka pozi moja hadi jingine. Msichana mmoja jirani yetu alileta ya kushuka darajani kwa bega badala ya mgongo, ukijiviringisha kwa mshazari. Lakini aliyetushinda wote alikuwa kijana mwenye mguu uliolemazwa na polio. Mguu wake wa kushoto haukuweza kusukuma, kwa hiyo daraja letu la kawaida kwake halikuwezekana. Alitumia wiki kadhaa pembeni, peke yake, kisha Jumamosi moja akatuonyesha daraja la nguzo tatu: viganja viwili na unyayo mmoja, mguu ule mwembamba ukiwa umelazwa juu ya goti la mwenzake, na akageuka nalo mzunguko mzima, kwa utulivu ambao hakuna mwenye miguu miwili aliyekuwa nao. Babu aliacha shazia ndani ya godoro akatoka kutazama. Afande hakusifu. Alituamuru sote tukunje mguu mmoja tujifunze kwa yule kijana, na tulitoka jasho mpaka giza likaingia.

Hadhira ya mjini haikuja kuangalia haya. Jumapili mchana, kwenye kumbi za Kinondoni, Magomeni na Ilala, wakati vikundi vya Muungano, Mandela na DDC Kibisa vinajaza viti, watu walitaka sindimba, kichekesho, taarabu, na kwenye sarakasi walitaka mnara wa watu na duara la moto. Daraja lilikuwa njia tu ya kufika kwenye mnara. Afande alijua. Alipokuwa anafundisha vijana wa vikundi hivyo, uzuri aliupachika njiani. Watoto walitokea nyuma ya pazia wakitembea kwa daraja, vichwa chini, wakageuka kaa, wakageuka tena, na waliotazama kwa makini walikuwa wameshapata haki ya kiingilio chao kabla ya mnara kuanza kusimama.

Mimi sikupanda jukwaani. Nilivunja ungo, na mama akasema basi, binti hawezi kuendelea kujianika na kaptura mbele ya wanaume. Niliendelea usiku, chumbani nilimolala na bibi. Palikuwa na mkeka mmoja baina ya kitanda na kabati, na bibi alikuwa na usingizi mwepesi. Kama kuna mahali nilipolipiga msasa daraja langu, ni hapo. Mchanga unakusamehe, sakafu ya saruji haikusamehe, na bibi aliyelala hakusamehe kabisa. Nilijifunza kuanza na vifundo vya mikono, kuvizungusha na kuviegemea kidogokidogo kabla ya kuvipa uzito. Nilijifunza kushuka ukutani, kiganja chini ya kiganja, na kusimama tena kwa njia hiyohiyo. Nafasi ikiwa ndogo, kiungo lazima kiwe kifupi, na kiungo kifupi hakina pa kuficha haraka.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Godoro la sponji likaingia kila duka, sufi ikawa kitu cha wazee, na Babu akafunga. Mabanda ya video yakafika na filamu za kung fu. Kikundi cha TOT kikaja 1992, kumbi zikachangamka kwa muda, kisha taarabu na muziki vikabaki, sarakasi ikaondolewa kwenye ratiba. Afande akarudi kwao Muheza na huko akafariki. Mwaka 2003 Winston Ruddle, mzaliwa wa Zimbabwe, alifungua shule ya sarakasi Dar es Salaam, na vijana wetu wakaanza kuzunguka dunia na Circus Mama Africa. Wamepigiwa makofi Ujerumani na kwingine na watu wasiojua Temeke iko wapi, wala kwamba hatua ile ya kaa ina wenyewe.

Nikipita Coco Beach Jumapili naona tairi limefukiwa nusu mchangani na vijana wanalirukia kupiga samasoti. Wana ujasiri, na baadhi wana vipaji vya kutisha. Ila wameanzia paa. Hakuna anayewasikilizia mgongo. Nimeshaona shingo ikigota mchangani, kijana akaamka akicheka huku mkono mmoja haumsikii, na wenzake wanamwomba arudie kwa kuwa simu haikurekodi vizuri. Hilo linaniudhi kuliko ninavyoweza kuandika kwa heshima. Video ya sekunde chache inaonyesha mkono ukipita juu ya uso, haionyeshi mkanda chini ya mabega. Na mahali pa kujifunzia taratibu tumepauza. Nyuma ya banda la Babu leo pamemwagwa zege, magari yanaegeshwa. Wenzetu wa Nairobi walichukua sinema ya zamani ya Shan, kule Ngara, wakaifanya ukumbi wa wanasarakasi. Sisi kumbi zetu zimekuwa maghala.

Miye bado napinda. Mwili wa mtu mzima haudanganyiki kama wa mtoto: mabega yanataka robo saa ya kubembelezwa, na asubuhi za baridi naanzia kwenye kigoda, mgongo wa juu ukiwa juu yake na kichwa kikining'inia, kabla ya kwenda chini. Nimewaanzishia mabinti wachache wa mtaani kwetu, alasiri, uani, kwenye mikeka miwili. Mmoja wao ana bega gumu la kulia, naye juzi akakataa kulilazimisha. Akaingia darajani kwa kiwiko kwanza, kisha kiganja, njia ambayo sikuwahi kuiona Magomeni. Nimewaambia wenzake waijifunze mpaka Jumamosi ijayo.