Pori la Baba Mkwe

Wenzangu wakipata likizo wanakimbilia Zanzibar. Mimi Agosti nilipelekwa ukweni Shinyanga, kwa basi, siku nzima kutoka Dar. Tulipopita Nzega, dirishani ilikuwa vumbi na ng'ombe, ng'ombe na vumbi.

Asubuhi baba mkwe akatupeleka kuona shamba. Mimi nikaona pori: migunga, mkwaju mmoja mkubwa, nyasi za kiunoni. Nikaropoka, "Baba, mbona halijasafishwa?" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Hii ni ngitili, mwanangu."

Kumbe ngitili ni utaratibu wa zamani wa Wasukuma. Mvua zikianza eneo linafungwa, mifugo haiingii mpaka kiangazi kikolee. Tatizo, Shinyanga ilinyolewa kipara. Wakoloni walifyeka misitu kuua mbung'o, pamba ikaongezea, mifugo ikamalizia, na watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970 ngitili nyingi zikaachwa. Mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, zilizojulikana zilikuwa hekta kama 600. Ulipoisha mwaka 2004 zilizidi 300,000! Na wala si miche tu. Visiki na mizizi vilikuwa hai ardhini. Zuia ng'ombe na moto, vinachipua vyenyewe. Siku hizi wataalamu wanahesabu hewa ukaa inayofungwa kwenye miti na udongo kama huu. Mzee yeye anahesabu kuni, dawa, asali na nyasi.

Jioni ndipo siri ikafichuka. Mume wangu alikuwa ameshaongea na mnunuzi wa mkaa. Nyumba yetu Goba haina madirisha, si unajua tena ujenzi, na miti ile ingetosha vioo na nondo. Hakuniambia neno. Nilinuna, ila niwe mkweli: kabla ya kununa nilipiga hesabu ya vioo.

Alipomweleza baba yake, mzee hakugomba. Aliuliza tu, "Ng'ombe watakula wapi Oktoba?"

Mume wangu akatazama chini muda mrefu. Halafu akatoka nje kumpigia yule mnunuzi. Mimi nikaendelea kuosha vyombo, masikio yakiwa mlangoni.

Tulirudi Dar na ndoo ya asali. Madirisha bado tumeziba kwa turubai, na mbu wa Goba wanatujua kwa majina.