Hasira Unayolala Nayo

Msambweni

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako hapati raha kwa ajili yako. Ndiye aliyeniomba nikuandikie, maana kwetu Wadigo mjomba ana nafasi ya kumwambia mpwa wake maneno ambayo wengine watayaonea haya.

Kwenye harusi ya binamu yako nilikuwa nakutazama. Sahani ya pilau ilipoa mbele yako, taya umezikaza, kidole gumba kinasugua kipaji cha uso. Kile kidonda cha panga mguuni, ulichokipata kabla ya Ramadhani, bado kibichi. Nilipokuuliza ukanijibu, "Kichwa tu, mjomba." Mama yako anasema kichwa hicho kina miezi, kwamba saa tisa za usiku uko barazani peke yako, na muguka siku hizi waanza kuutafuna asubuhi. Nimekuwa muuguzi mpaka nikastaafu. Hicho si kichwa tu.

Lililokupata nalijua. Mgodi wa Base, ulikokuwa ukifanya kazi, ulifungwa Desemba 2024, madini ya mchangani yalipokwisha. Uliingia pale kijana mbichi, muda mfupi baada ya meli ya kwanza ya madini kung'oa nanga Likoni mwaka 2014, na kwa mshahara ule ukajenga, ukaoa. Kisha rafiki yako akachukua fedha zako za kiinua mgongo, eti mtaanzisha biashara ya tuktuk. Tuktuk hukuiona, wala senti. Una haki ya kukasirika, na sikwambii ucheke wala usahau.

Lakini elewa linalotokea mwilini. Kila ukimkumbuka mtu yule usiku, mwili wako unaamka kupigana. Tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini na kotisoli, moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, presha inapanda, tumbo linaacha kusaga chakula. Ndivyo tulivyoumbwa tupone tukikutana na swila njiani. Swila akipita, mwili hutulia. Wazo hili hulipi nafasi ya kupita: unalirudia, unalipika upya, na mwili hauwezi kujua kwamba adui yako saa hiyo amelala fofofo kwake. Ukiishi hivyo miezi, usingizi huharibika, presha inaweza kubaki juu, na nguvu za kupambana na maradhi hupungua. Muguka nao huongeza mbio zile zile za moyo, kisha hukunyang'anya hata usingizi kidogo uliobaki.

Usidhani nakutisha. Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997 watalii walitoweka, wapishi na wahudumu wa hoteli za Diani wakarudishwa makwao, nasi wodini tukaanza kuwaona. Mmoja simsahau: alikuja ameshika kifua kwa viganja viwili, anahema, na kila akipimwa moyo wakutwa mzima. Kwao walikuwa wameshampunga pepo. Siku aliyopata mtu wa kukaa naye faragha akaeleza jinsi anavyohesabu madeni ya dukani usiku kucha, akalia sana. Hakupona siku ile, lakini ndipo nafuu yake ilipoanzia. Maumivu yake yalikuwa ya kweli, na yako ni ya kweli.

Hata hicho kidonda kimenitia shaka. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake kule Ohio, Marekani, walichapisha utafiti juu ya wanawake waliokuwa wakiuguza jamaa zao wenye maradhi ya kusahau. Waliwatia jeraha dogo la ngozi, na likachukua takriban siku 9 zaidi kupona kuliko kwa wenzao wa umri wao wasio na mzigo huo. Huenda chako kina sababu nyingine, kwa hiyo sukari nayo ipimwe.

Jambo moja naliandika wazi kwa sababu nakupenda. Mawazo yakianza kukwambia ujidhuru, niamshe saa yoyote, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Usiogope polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Jumatatu panda matatu ya mapema kutoka Ukunda. Saa mbili nitakuwa langoni mwa hospitali hapa Msambweni. Tutapima presha na sukari, kidonda kitaangaliwa, kisha utaonana na mtu wa afya ya akili. Mimi nitangoja nje, na utakayosema humo ni yako. Habari ya fedha zako tutaipeleka kwa chifu wiki hiyo hiyo, mimi na wewe, ili usiibebe tena peke yako usiku. Muguka uache nyumbani. Njoo, mwanangu.

Mjomba wako