Mama wa chapo si mnyonge, ana hesabu

Wasee, leo tuongee kuhusu pendekezo la ufadhili. Najua jina tu linaleta usingizi. Lakini ukiwa kijana wa Eastlands mwenye kompyuta na Kiingereza cha kuombea kazi, iko siku chama cha mtaa kitakuita kikwambie, "Tuandikie ile karatasi ya kuomba pesa." Na hicho utakachoandika kinaweza kuamua kama akina mama watapata mtaji ama watapata tisheti na soda.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma. Lakini hapa Kayole, ukishakanyaga chuo hata mara moja, wewe ni profesa milele. Ndiyo maana chama cha akina mama 14 wanaouza vitu upande wa Masimba waliniita. Kuna wa chapo, wa mboga, wa omena, wa mitumba, wa saluni, na wengine. Tayari walikuwa na pendekezo waliloandikiwa na jamaa fulani, simtaji, ambaye alitaka asilimia 10 pesa zikiingia. Walitaka tu niwasomee, maana lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza cha kuvaa suti.

Nikaanza kuwatafsiria. Sentensi ya kwanza ilisema chama kina "wanawake wanyonge wasio na ujuzi wa biashara". Mama wa chapo akainua mkono. "Ngoja hapo. Mnyonge ni nani?"

Hakuna aliyejibu. Huyo mama huamka saa kumi usiku, na amesomesha watoto watatu na kikaango kimoja.

Tukafika kwa bajeti. Jumla ilikuwa shilingi 600,000. Semina ya ujasiriamali, pamoja na ukumbi na chakula: 210,000. Tisheti na bango: 60,000. Usimamizi wa mradi: 120,000. Kisha mtaji wa akina mama wenyewe: 210,000. Gawanya kwa 14 uone. Ni 15,000 kila mmoja. Yaani katika kila shilingi 100 zinazoombwa kwa jina lao, 35 ndizo zingefika mkononi mwao. Zingine zingepita zikiwapungia mkono.

Tukaweka hiyo karatasi kando. Nikanunua daftari la shilingi 50, na kwa jioni mbili nikawauliza maswali matatu tu: unanunua wapi na kwa bei gani, unauza kwa muda gani, na ni nini kinakukwamisha. Kazi yangu ilikuwa kuandika na kunyamaza.

Mama wa chapo ndiye alinifungua macho. Anatumia paketi nne za unga za kilo mbili kila siku. Ananunua moja moja dukani kwa 175, kwa sababu pesa za jana ndizo zinanunua unga wa leo. Bale ya paketi 12 kwa jumla anaipata kwa 1,900. Kwa bei ya duka, paketi hizo 12 ni 2,100. Kwa hivyo kila bale anapoteza 200. Akifanya kazi siku 26 anatumia paketi 104, na hiyo ni hasara ya zaidi ya 1,700 kila mwezi. Makaa ni hadithi hiyo hiyo, ananunua kwa mkebe badala ya gunia. Mafuta pia.

Sasa niambie, semina gani itamfundisha kitu hapo? Hiyo hesabu alinipigia kwa kichwa akiwa anakanda unga. Anajua vizuri kwamba bale ni rahisi. Kile hana ni 1,900 kwa mkupuo ambayo haijaitwa na kodi ya nyumba. Umaskini una bei yake, na mwenye kidogo ndiye hulipa zaidi.

Kuna mtu atasema, si achukue Hustler Fund? Sawa, tuiangalie. Ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022. Mtu binafsi anakopa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba ni asilimia 8 kwa mwaka, na unalipa ndani ya siku 14. Asilimia 5 ya unachokopa inaenda kwa akiba. Ukikopa 2,000, mkononi unapata 1,900, bei ya bale kamili, na riba ya siku 14 ni kama shilingi 6. Manze, hiyo ni poa. Shida ni kikomo cha mkopo. Simu ikikwambia kikomo chako ni 500, hizo hazifikishi hata paketi tatu.

Halafu mama wa mitumba. Yeye ananunua robota Gikomba, na robota moja linaweza kukaa mwezi mzima ama zaidi kabla liishe. Mpe mkopo wa siku 14 na umemwambia auze kwa hasara ndiyo alipe. Unaona? Wote wawili wanaitwa "wanawake wajasiriamali" kwenye fomu, lakini pesa ya mmoja inazunguka kwa siku moja na ya mwingine kwa mwezi. Pendekezo likiwapa mkopo mmoja na ratiba moja, mmoja wao lazima aumie.

Hii mbinu ya kuuliza kwanza si mimi niliianzisha. Mwaka 1976 kule Bangladesh, mwalimu wa uchumi anayeitwa Muhammad Yunus alimtuma mwanafunzi wake azunguke kijiji cha Jobra, aandike ni nani anadaiwa na walanguzi na kiasi gani. Orodha ilirudi na watu 42. Deni la wote pamoja lilikuwa dola 27 hivi. Akatoa mfukoni mwake. Kutoka hapo ikazaliwa Benki ya Grameen, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Baadaye mikopo midogo ilikuja kuwa na shida zake, na sisi wenye programu za mkopo kwenye simu tunazijua. Lakini mwanzo wake ulikuwa orodha ya hesabu za watu.

Tulipomaliza, mahitaji ya wote 14 yalifika 412,000. Wakaongeza 10,000 za somo moja wanalolitaka wenyewe, la kuweka hesabu kwa simu, na 8,000 za vitabu na ada za benki. Jumla 430,000. Kwenye sehemu ya mchango wa jamii, ambapo yule jamaa aliandika tu "muda na bidii", tuliandika ukweli: kila mmoja huweka 200 kwa wiki. Hiyo ni 2,800 kwa wiki, 145,600 kwa mwaka. Chama cha "wanyonge" kinakusanya hiyo pesa bila mfadhili yeyote kujua. Kwenye hatari za mradi waliniambia niandike mvua, moto wa soko, matanga na mtoto kulazwa. Hizo ndizo hatari zenyewe.

Tukatuma. Jibu lilirudi baada ya wiki tano: ongezeni mafunzo, na mweleze zaidi mazingira magumu ya wanawake hawa. Kwa lugha yetu, lieni kidogo.

Hapo chama kiligawanyika, na sitawaficha. Watano walisema tulie. "Kama machozi yanalipa, kwani yananigharimu nini?" mmoja akauliza, na sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu si mimi nina mtoto ametumwa karo. Mweka hazina akasema, "Wakitupa pesa kwa sababu sisi ni wanyonge, siku tukiinuka watasema hatustahili tena." Wakapiga kura. Tisa kwa tano, hesabu zikabaki zilivyo. Somo likaongezwa siku moja, neno mnyonge halikuingia. Bado tunangoja.

Wakingoja, wanaangalia pia hazina za serikali. Women Enterprise Fund imekuwepo tangu 2007, na Uwezo Fund ilizinduliwa 2013. Uwezo haina riba, unakatwa ada ya usimamizi ya asilimia 3. Lakini hiyo ni mikopo ya vikundi, si zawadi. Mtu akikwambia ni pesa za bure, kimbia. Na kabla hujaandika chochote, uliza: hii ni ruzuku ama ni deni? Maana deni la kikundi mmoja akishindwa, wote wanatafutana.

Kwa hivyo wewe mwenye kompyuta, chama kikikuita, anza na daftari. Anza na bajeti, hadithi itafuata. Andika pia nakala ya Kiswahili, usome mbele ya wote, na kila mama aweze kusimama aeleze mstari wake bila wewe. Kama kuna sentensi ungeona aibu kuisoma mbele ya mama wa chapo, ifute. Na malipo yako yataje mapema, kwa shilingi, si kwa asilimia ya pesa zao.

Mtaani kwenu, mnaletewa mtaji ama tisheti? Niambieni hapo chini.