Mbwa na Watoto Wetu

Mtoto wa Kiislamu hapa Mwanga huijua hukumu ya mbwa kabla hajajua kuandika jina lake. Hujua kwamba sisi tunaomfuata Imamu Shafi, tukipatwa na mate yake, twaosha mara saba, moja kwa udongo. Nami hukumu hiyo naisomesha. Lakini watoto wameiongezea ya kwao, kwamba mnyama aliye najisi ni halali kupigwa mawe. Hiyo sikuiona katika kitabu chochote.

Imamu Malik, aliyekuwa mwalimu wa Imamu Shafi, hakumhesabu mbwa aliye hai kuwa najisi. Wamekhitilafiana juu ya mate; juu ya kumtesa kiumbe hawakukhitilafiana. Katika Suratul Kahf wametajwa vijana wa pangoni pamoja na mbwa wao kizingitini. Na Bwana Mtume (s.a.w.) alihadithia habari za msafiri aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu wa miaka tisa aliumwa mguuni nyuma ya soko, na mbwa jike wa mlinzi wa ghala. Wenzake walisema mbwa alikuwa akitikisa mkia, wakadhani amefurahi. Mkia una maneno mengi. Ukisimama wima, mkavu, ukitikisika polepole, ni onyo. Ukifichwa katikati ya miguu, na masikio yamelala, huyo ana hofu, na mwenye hofu huuma. Jike yule alikuwa na watoto wachanga. Kijana alirusha jiwe kisha akakimbia, na mbwa kaumbwa kufuata kinachokimbia. Ilimpasa asimame kimya, mikono chini, asimkazie macho, kisha arudi nyuma taratibu.

Tuliliosha jeraha kwa sabuni na maji ya kumiminika robo saa nzima, akapelekwa hospitali siku ile ile kuchomwa sindano. Jirani alishauri apakwe mafuta tu, tungoje. Haifai kungoja! Kichaa cha mbwa kikishamdhihirikia mtu, ni nadra mno kupona. Mbwa alifungwa siku kumi akiangaliwa, akabaki mzima.

Wakulima wa Kasulu, ambao mbwa huwalindia mahindi yasiliwe na nyani, wanawajua wanyama hawa kuliko sisi watu wa mjini. Mwaka 2015 wataalamu wa Japani walieleza kwamba mbwa na bwana wake wakitazamana, miilini mwao wote wawili huzidi oksitosini, ile ile imzidiayo mama anyonyeshapo. Kwa mbwamwitu waliolelewa na watu hawakuiona. (Mkulima wa Kasulu angecheka kusikia kwamba jambo hili lilihitaji maabara.)

Wazazi wameniuliza juu ya nguo iliyoguswa na mbwa. Ikiwa nguo ni kavu na mbwa ni mkavu, najisi haihami, wala haioshwi.

Kijana yule amepona. Kila alasiri baada ya darsa humpelekea mlinzi maji ya mbwa wake, naye huyamimina kibakulini akiwa amesimama mbali kidogo.